"Mwanamke asiyejulikana" ni shangazi yangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo gazeti lako limeligusa zaidi ya mara moja katika kurasa za utamaduni, nalo ni maonyesho ya sanaa yanayoandaliwa kwa kushirikisha jamii, yale yanayowaalika watu wa kawaida walete picha, nguo, vyombo, michoro na kumbukumbu zao ili vieleze wao ni nani, wametoka wapi na ni wapi wanapopaita kwao. Nayaunga mkono maonyesho ya namna hii kwa moyo wote. Hata hivyo kuna kitu kimoja kidogo ndani yake ambacho naona ndicho kinachoamua kama maonyesho ni ya jamii kweli au ni ya kuitazama jamii tu, nacho ni ile kadi ya maelezo inayobandikwa pembeni mwa kila kitu kilichowekwa ukumbini. Hoja yangu ni kwamba maneno ya kadi hiyo yaandikwe na mwenye kitu, au asomewe na kuyakubali kabla hayajachapishwa.

Nianze na lililotupata. Miaka michache iliyopita familia yetu iliombwa kutoa picha kwa ajili ya maonyesho ya aina hiyo. Tulitoa picha ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, akiwa amekaa kwenye kiti cha mbao katika studio, mkono wake wa kulia ukiwa juu ya cherehani. Cherehani ile haikuwa ya mpiga picha. Shangazi aliibeba mwenyewe kutoka nyumbani, akaomba ipigwe pamoja naye, kwa sababu alitaka kila atakayeiona picha ile ajue kwamba aliyekaa pale ni fundi. Nyuma ya picha kuna mwandiko wake wa kalamu ya wino, umefifia kidogo lakini unasomeka: jina lake kamili, mwaka, na chini yake maneno mawili, "Fundi mwenyewe".

Siku ya ufunguzi niliikuta picha imekuzwa, imetiwa fremu nzuri na kumulikwa taa yake peke yake. Pembeni palikuwa na kadi nyeupe yenye maandishi haya: "Mwanamke asiyejulikana, mhamiaji. Picha ya studio." Mbele yangu walikuwa wamesimama wageni wawili, na mmoja akamwambia mwenzake kwamba bila shaka cherehani ile ilikuwa pambo la studio, kama vile maua ya plastiki yalivyokuwa yakiwekwa zamani. Simlaumu mgeni yule. Alisoma alichoandikiwa, kisha akakisia kilichobaki. Waandaaji tulipowaeleza waliomba radhi kwa unyenyekevu, na baada ya siku kadhaa kadi ilibadilishwa. Walisema picha ilipigwa nakala upande wa mbele tu, na aliyeandika kadi hakuwahi kuishika picha yenyewe mkononi, sembuse kuigeuza.

Nimelitafakari sana neno "asiyejulikana". Hajulikani kwa nani? Walimjua wote waliovaa nguo alizowashonea, walimjua majirani waliokuwa wakimgongea usiku wa kuamkia harusi, na sisi watoto tulimjua kwa sauti ya mashine yake kabla hatujaiona sura yake. Neno hilo lina hila ndani yake, kwa kuwa linamtupia upungufu mtu aliye pichani na kumficha yule ambaye hakuuliza. Mwandaaji mkweli angeandika "Jina lake hatukuliuliza", na naamini kwamba kama kanuni ya ukumbi ingemlazimisha kuandika hivyo, angelitafuta jina kabla ya kukubali kuweka kadi kama hiyo mbele ya watu.

Mwaka 1992, katika jumba la chama cha historia cha jimbo la Maryland, mjini Baltimore nchini Marekani, msanii Fred Wilson alipewa ruhusa ya kuingia ghalani na kupanga upya vitu vya jumba hilo. Ndani ya kabati moja la vioo aliweka vyombo vya fedha vilivyong'arishwa, birika na vikombe vya matajiri wa zamani, na katikati yao akaweka pingu za chuma walizofungwa watumwa. Kadi ya maelezo ilikuwa moja kwa vyote, ikisema tu kwamba hizo ni kazi za metali za kuanzia mwaka 1793 hadi 1880. Kila neno la kadi ile lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli kwa vitu vyote viwili kwa pamoja, mtazamaji alishtuka kuona jinsi kadi kama hiyo ilivyokuwa imeweza kwa miaka mingi kuacha nusu ya habari bila kusema uongo hata kidogo. Mahali pengine katika maonyesho hayo Wilson aliwamulika watoto weusi waliochorwa pembezoni mwa picha za familia za wenye mali, na mgeni aliposogea alisikia sauti za watoto zikiuliza maswali juu ya wao ni nani kwa wale waliochorwa nao. Niliposoma habari za maonyesho hayo nilimkumbuka shangazi. Kuonekana na kutajwa ni mambo mawili tofauti, na mtu anaweza kuwekwa ukutani, mbele ya macho ya watu wote, na bado akawa hayupo.

Wapo wanaodhani kwamba nia njema ya mwandaaji inatosha. Mfano ninaowapa ni ule wa Toronto, nchini Kanada, ambako mwaka 1989 makumbusho ya Royal Ontario yalifungua maonyesho ya vitu vya Afrika vilivyokusanywa zamani na wanajeshi na wamisionari wa Kikanada. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuukosoa ukoloni. Maneno ya dharau ya enzi ile yaliandikwa ukutani yakiwa yamefungwa kwa alama za kunukuu, kwa matumaini kwamba msomaji angetambua kuwa makumbusho hayakubaliani nayo. Wakazi wengi weusi wa mji huo hawakuyasoma hivyo. Walichokiona ni matusi ya mababu wa watu wengine yakirudiwa juu ya mababu zao kwa maandishi makubwa, wakaandamana nje ya jengo, na makumbusho mengine yaliyokuwa yamepangiwa kuyapokea maonyesho hayo yakajiondoa. Makumbusho yale yaliomba radhi rasmi mwaka 2016, miaka 27 baadaye. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alama za kunukuu zilimtosha aliyeziandika kwa sababu tusi halikuwa lake, na kama kadi zile zingesomwa kwanza mezani pamoja na wazee wa jamii husika, nadhani jioni moja tu ingetosha kuepusha yote yaliyofuata.

Sasa nieleze mahali ambapo jambo hili lilifanywa vizuri, kwa maana sikuandika barua hii ili kulalamika tu. Mjini Cape Town, Afrika Kusini, kulikuwa na mtaa uitwao District Six, wenye watu wa asili na dini mbalimbali waliokuwa wakiishi mlango kwa mlango. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya ubaguzi wa rangi iliutangaza kuwa eneo la weupe peke yao, na katika miaka iliyofuata watu zaidi ya 60,000 waliondolewa na nyumba zao zikabomolewa. Mwezi Desemba 1994, ndani ya kanisa la zamani la Wamethodisti, makumbusho ya mtaa huo yalifunguliwa kwa maonyesho juu ya barabara zake. Vibao vya majina ya barabara vilining'inizwa, vile vile vilivyokuwa kwenye kona kabla ya ubomoaji, kwa kuwa mmoja wa wasimamizi wa kazi ile ya kubomoa alikuwa amevihifadhi kwa miaka yote hiyo badala ya kuvitupa. Sakafuni ilitandazwa ramani kubwa ya mtaa, na wakazi wa zamani wakaalikwa kuandika majina yao mahali nyumba zao zilipokuwa.

Ramani hiyo naomba niizungumzie kwa kirefu, maana ndiyo jibu la swali langu lote. Ramani ya kawaida huchorwa na mpimaji, naye huonyesha barabara, viwanja na mipaka. Ile ya Cape Town ilikamilishwa na watu waliopiga magoti sakafuni, wakaitafuta kona yao kwa kidole, wakaandika: hapa tulikaa sisi. Sambamba na ramani palikuwa na kitambaa kirefu ambacho mkazi wa zamani aliyefika aliandika juu yake jina lake au ujumbe wake, na baadaye maandishi hayo yakatariziwa kwa uzi ili yasifutike. Hakuna aliyekaa ofisini akawaandikia kadi. Mwandaaji alitoa sakafu, kitambaa na kalamu, wao wakatoa maneno, na kwa namna hiyo maelezo na kazi ya sanaa vikawa kitu kimoja. Mtu aliyeondolewa kwa hati ya serikali iliyomtaja kwa rangi yake alirudi akajitaja kwa jina lake. Sijui kama kuna namna nyingine ya kuonyesha urithi inayoweza kumfanya mtu ajione amerudi kwao kuliko hiyo.

Vivyo hivyo tarehe 11 Oktoba 1987, mjini Washington, familia na marafiki wa waliofariki kwa UKIMWI walitandaza vipande 1,920 vya nguo vilivyoshonwa kwa mkono, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimeta kama 90 na urefu kama 180, kipimo kinachokaribia kaburi la mtu mmoja. Wakati ule familia nyingi zilikuwa zikificha ugonjwa uliowaua wapendwa wao, na magazeti yaliwataja marehemu kwa hesabu tu. Pale uwanjani majina yao yalisomwa kwa sauti, moja baada ya jingine.

Kiswahili chenyewe, Ndugu Mhariri, kinatupa njia nzuri ya kulifikia jambo hili, nasi mara nyingi tunaiacha. Ukiingia katika maonyesho mengi ya siku hizi utapokelewa na bango lenye maneno mazito, "utambulisho", "urithi", "ujumuishwaji", maneno ambayo si mabaya lakini yanamfanya mzee aliyeleta picha ya harusi yake ajione ameingia mahali pasipo pake. Wakati huohuo tunalo swali fupi ambalo kila msemaji wa lugha hii ameulizwa tangu utotoni: kwenu ni wapi? Swali hilo likiulizwa kwa upole humfungua mtu moyo, na likiulizwa kwa ukali humfukuza, kwa maana laweza kumaanisha "karibu, tujuane" na laweza pia kumaanisha "wewe si wa hapa". Aliyehama huulizwa kwao ni wapi mahali alikohamia, na akirudi alikozaliwa baada ya miaka mingi huulizwa tena. Angalia pia kwamba hata mtu anayeishi peke yake, akijibu, husema "kwetu". Mahali pa mtu huja na watu wake ndani ya neno moja. Mwandaaji anayetaka kadi nzuri aanze na swali hilo, aliulize kwa upole, kisha anyamaze na kuandika anachoambiwa.

Nafahamu pingamizi zitakazotolewa, kwa sababu nilizisikia siku ile ile tulipozungumzia picha ya shangazi. La kwanza ni nafasi: kadi ni ndogo, na mwenye kitu akiachiwa aseme atasema kurasa tatu. Hili ni kweli, na dawa yake ni kukaa naye na kumuuliza katika hayo yote ni lipi ambalo lisipokuwapo picha haitakuwa yake. Shangazi yangu alikwisha kulijibu swali hilo kwa maneno mawili. La pili ni usahihi, kwamba watu husahau miaka na kuchanganya matukio. Basi mwandaaji aongeze sentensi yake chini, iliyotiwa sahihi yake, inayoeleza kumbukumbu za maandishi zinasemaje, na asiifute kauli ya mwenye kitu ili kuiweka ya kwake.

Pingamizi la tatu ndilo zito, nalo ni kwamba wenye kitu hawakubaliani wao kwa wao. Nalijua hili kutoka nyumbani. Baba yangu alisema siku zote kwamba dada yake alihama kwa sababu hakuachiwa nafasi ya kubaki. Baba mdogo anashikilia hadi leo kwamba alihama kwa hiari yake, kwa tamaa ya kazi nzuri, na kwamba kusema vinginevyo ni kumnyima sifa ya ujasiri wake. Wote wawili walimpenda. Sioni kwa nini kadi ichague mmoja wao. Ziwekwe kauli zote mbili, kila moja na jina la msemaji, na mgeni aone kwamba familia huweza kugawanyika juu ya habari zake na bado ikabaki familia moja. Tumezoea kusema mwacha asili ni mtumwa, na maneno hayo hupenda kuandikwa kwenye milango ya maonyesho ya urithi, lakini mtoto wa wazazi wawili wenye lugha mbili na nchi mbili akiyasoma atajiuliza ni asili ipi kati ya hizo anayoshutumiwa kuiacha. Maonyesho yanayotoa jibu moja kwa kila mtu yatamwacha mtoto huyo mlangoni.

Haki ya maneno ikikubaliwa, haki ya kuchagua mada itafuata. Mwaka 1967 taasisi ya Smithsonian ilifungua makumbusho ya mtaa wa Anacostia, mjini Washington, ndani ya jengo lililokuwa sinema, na mwaka 1969 makumbusho hayo yaliandaa maonyesho juu ya panya, kwa sababu watoto wa mtaa walieleza kwamba panya ni sehemu ya maisha yao ya kila siku. Mwandaaji kutoka nje asingeliwaza jambo hilo. Angeomba ngoma na mavazi, na angepewa, kwa kuwa watu ni waungwana na humpa mgeni anachokitaka.

Kuna jambo jingine ambalo huniumiza kila ninapolikuta. Mchoraji aliyesomea kazi yake huandikiwa jina, mwaka wa kuzaliwa na jina la kazi, lakini wanawake waliotarizi shuka iliyoning'inizwa ukuta wa pili huandikiwa "kazi ya mikono ya kikundi cha akina mama". Kama walikuwa saba, majina saba yanaenea kwenye kadi. Aliyetia sindano katika kitambaa kwa miezi kadhaa hakuchoka kidogo kuliko aliyeshika brashi.

Mwezi Agosti 2022, wajumbe wa baraza la kimataifa la makumbusho, ICOM, walikutana Prague na kupitisha maana mpya ya neno makumbusho, na ndani yake wakaweka kwamba taasisi hizi hufanya kazi kwa ushiriki wa jamii. Ni hatua njema. Naomba tu ushiriki huo usiishie kwenye kukusanya vitu na kupiga picha ya pamoja siku ya ufunguzi. Mwenye kitu asomewe kadi yake kwa lugha anayoielewa, na kama hasomi, sauti yake irekodiwe na kusikika pale pale kitu kilipo. Lugha yake itangulie kwenye kadi, tafsiri ifuate. Akibadili nia na kutaka kitu chake kiondolewe, kiondolewe bila kumuuliza sababu. Aandikiwe pia tarehe ya kurudishiwa, na siku hiyo mtu akipeleke kitu hicho hadi mlangoni kwake, maana wapo wazee waliotoa picha pekee waliyokuwa nayo ya mama zao na wakakaa wakingoja simu.

Najua waandaaji wengi hufanya kazi hii kwa fedha kidogo na kwa kujitolea, na sitaki barua hii imvunje moyo hata mmoja wao. Nisingeandika kama nisingeyaamini maonyesho haya. Mjomba wangu, ambaye hajawahi kuingia katika jumba la sanaa maishani mwake, alikuja kuiona picha ya shangazi mara tatu, na mara ya tatu, baada ya kadi kubadilishwa, alikuja na wajukuu zake wawili na kumtaka mkubwa wao aisome kwa sauti.

Picha yenyewe imerudi nyumbani na iko ukutani. Ikiombwa tena tutaitoa, pamoja na kipande cha karatasi tulichokwisha kukiandaa, chenye jina lake kamili kama alivyoliandika, mwaka, kauli ya baba, kauli ya baba mdogo, na chini kabisa, kwa maneno yake: "Fundi mwenyewe. Cherehani ni yangu."

Wako mtiifu,
Msomaji wako wa siku nyingi